Gari la Kofia Mbili

Mume wangu Kepher alikuwa na wake wawili, mimi na gari, na gari ndilo lililokuwa mke mkubwa. Nasema hivi bila kinyongo sasa. Wakati ule nilikuwa na kinyongo cha kujaza debe.

Lilikuwa gari la Mwingereza mwenye shamba la majani chai kati ya Kericho na Sotik. Watu walimwita Kofia Mbili, kwa kuwa alivaa kofia mbili za sufi nzito, moja juu ya nyingine, jua liwake lisiwake. Gari hilo aliliagiza likaja kwa meli mwaka wa 1924. Lilikuwa na viti viwili tu, chini karibu na ardhi, rangi ya maini, na nyuma lilichongoka kama mtumbwi. Lilitengenezwa kwa ajili ya kukimbia, naye akalileta nchi ambayo mvua hunyesha kila alasiri saa tisa, na barabara ikishalowa hata punda hufikiria mara mbili. Alilipeleka Kericho asubuhi chache za Januari, likazama kwenye matope mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri, mwishowe akalifunika turubai bandani. Miaka kumi baadaye saa yake ya maili ilisoma maili elfu moja na mia mbili. Mimi kwa miguu yangu nilikuwa nimeshalipita mbali.

Kepher alikuwa fundi wa mashine za shamba, na gari lililala mikononi mwake. Alilipandisha juu ya magogo ili tairi zisibebe uzito. Kila Jumamosi alitia kijiko cha mafuta ndani ya injini kupitia matundu ya plagi, akaizungusha kwa hendeli polepole, mizunguko ishirini, kisha akarudisha turubai. Hakuna aliyemtuma.

"Injini ukiacha bila kugeuza inashikana," aliniambia. "Ni kama mtu amekaa kitako mwaka mzima."

"Na mke ukimwacha bila kugeuka kumtazama?" nikamuuliza.

Alicheka, akaenda kulizungusha gari. Alifanya hivyo Jumamosi za miaka tisa.

Basi Novemba ya mwaka wa 1934 Kofia Mbili aliingia bandani, akashika mgongo wa gari. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Kepheri, mimi nakwenda Ulaya. Nachoka na matope. Gari nakwenda na mimi, lakini hapana kwa treni. Gari hii hapana safiri bado hata siku moja. Nataka yeye safiri mpaka Mombasa, halafu meli. Wewe nakaa kando yangu. Yeye nagonjwa, wewe natengeneza."

Kepher alikuja nyumbani akikimbia kwenye mvua, akasimama mlangoni maji yakimchuruzika, na neno alilosema lilikuwa moja tu.

"Voi."

Voi ni stesheni kwenye reli ya kwenda pwani. Sijawahi kufika huko, na Kepher naye hakuwa na nauli ya treni wala ruhusa ya kuondoka shambani. Ila jina hilo lilikuwa limeketi nyumbani kwetu tangu mwaka uliotangulia, siku mzee mmoja Mkisii, Onyancha, alipokuja kuchuma majani, akasikia Kepher ni Mjaluo wa Nyakach, akamuuliza kama anamjua Okoth mwenye kovu juu ya nyusi. Okoth alikuwa kaka yake Kepher, mzaliwa wa kwanza. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita mwaka wa kumi na saba, Kepher akiwa bado mchunga mbuzi, na hakurudi. Onyancha alibeba mizigo pamoja naye. Alisema walimwacha Voi kwenye hema za wagonjwa, tumbo limemshika vibaya, na walipopita tena hapo baada ya mwezi hema zilikuwa zimeng'olewa na hapakuwa na wa kumuuliza.

Sasa, kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Hawezi kutoka bomani mwa baba yake kwenda kufungua boma lake na lango lake kabla kaka yake hajafungua lake. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, njia ipo: huzikwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini, likalazwa kaburini mahali pake, likaliliwa, na waliobaki wakaendelea na maisha. Wazee wa ukoo walitaka kufanya hivyo zamani. Mama mkwe wangu alikataa. Jina lake ni Ayoo, maana alizaliwa njiani, ingawa mimi siwezi kumwita hivyo kwa mdomo wangu. Alisimama mlangoni na mchi wa kinu mkononi, akawaambia, "Siwezi kuzika tunda na mtoto wangu sijui kama amekufa. Mmoja wenu aende pale alipoachwa, asimame, amwite kwa jina. Asipoitika, nitazika."

Wazee waliutazama mchi, wakaenda zao.

Kwa hiyo, kwa sababu ya mtu ambaye sikuwahi kumwona, nilikuwa na miaka saba ya ndoa, mtoto mmoja wa kike, Amolo, na mwingine tumboni, na sikuwa na lango. Nilikuwa na chumba kimoja katika laini ya wafanyakazi, na jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta nilijua ameamka. Nilimchukia Okoth. Nasema wazi. Mvua ilipoanza kugonga mabati saa tisa, nilikumbuka kwamba jina lake maana yake ni mtu aliyezaliwa wakati wa mvua, na nilikunja uso. Kila jioni nilipiga magoti nikamwomba Mungu kwamba Kepher afike Voi, aite, na mtu asiitike. Niliomba hivyo huku mtoto akicheza tumboni mwangu.

Kazi ya kuliandaa gari ilichukua wiki kumi. Tairi zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mchuma majani, zikaagizwa mpya, zikafika kwa treni mpaka Lumbwa na kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwetu. Petroli iliyosahauliwa tangini ilinuka kama rangi ya mlango. Kepher aliimwaga yote, akafungua kabureta, akaisafisha kwa unyoya wa kuku. Rejeta aliichemshia magadi ili kutu itoke, na maji yaliyotoka kwanza yalikuwa mekundu kama chai. Petroli mpya ya madebe ilitakiwa kuchujwa isiwe na maji wala kutu, na kitambaa hakikutosha. Kinachofaa ni sufi nene iliyoshindiliwa. Kepher alimwendea Bwana akamwambia, "Bwana, naomba kofia moja." Kofia Mbili alimtazama, akaitazama petroli, akavua ile ya juu akampa. Watu wa laini walibishana siku tatu kama sasa tumwite Kofia Moja. Tuliona jina la mtu halibadilishwi kwa ajili ya gari.

Mvua ikianza, banda lilijaa giza na kelele za mabati, na kazi ilisimama. Hapo ndipo nilipompelekea uji. Tulipanda garini tukakaa, yeye nyuma ya usukani, mimi kando yake, likiwa bado juu ya magogo. Bwana alikuwa amepigilia ramani ukutani, na Kepher aliijua barabara yote kwa kidole.

"Mama Amolo, funga shali," alisema. "Tunapanda Londiani, iko baridi."

Nilifunga shali.

"Sasa tumeteremka. Hii ni Nakuru. Unaona hiyo maji? Hiyo rangi kando yake ni ndege tupu, rangi kama ufizi ya mtoto."

"Uliwaona lini?"

"Niliambiwa."

Nilifumba macho nikawaona. Ukungu uliingia bandani kutoka mashambani, ukajikunja juu ya boneti, na hapakuwa na kitu mbele yetu isipokuwa weupe, na weupe ule ungeweza kuwa mahali popote. Tulipita Nairobi bila kusimama, kwa kuwa mimi sikutaka kusimama. Tulipita tambarare ambako Kepher alisema twiga huvuka bila kutazama. Alibadilisha gia, akanyonga usukani kwenye kona, na mimi niliinama pamoja na kona. Udongo uligeuka kuwa mwekundu, na miti ikawa mifupi ya miiba. Kila siku tulifika Voi mvua inapokaribia kuisha. Kepher alizima injini ambayo haikuwa imewashwa.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Mle ndani sikumchukia mtu yeyote.

Mara nyingi nilikuwa nikitafuna odowa, ule udongo mgumu mweupe ambao wanawake wanauuza sokoni Sondu kwa vipande. Kila nikiwa na mimba lazima niule. Mama mkwe wangu ni mfinyanzi, na kila alipopanda kuuza vyungu kwa watu wa mashambani aliniletea kifurushi.

"Unanimwagia unga kwa kiti," Kepher alilalamika.

Kiti chenyewe nilikuwa nimekitengeneza mimi. Panya walikuwa wamezaa ndani yake. Nilikijaza sufi ya kondoo, nikakishona, na ngozi yake iliyokuwa ngumu nikaipaka samli. Kwetu ngozi ngumu ni aibu ya mwenye nyumba. Ngozi ya kulalia, ngozi ya kubebea mtoto, zote huanikwa juani, hupakwa samli, husuguliwa kwa kidole gumba mpaka zilainike. Nilifanya hivyo siku tatu, na Kofia Mbili alipokaa juu yake alisema, "Mzuri sana, mama." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima. Na sifa hiyo ndiyo iliyonipoteza.

Klachi ya gari lile ilikuwa kama bakuli mbili, moja huingia ndani ya nyingine, na kati yao kuna ngozi. Bakuli zikibanana, ngozi hushika, na nguvu za injini hufika kwenye magurudumu. Katikati ya Januari Kepher aliitoa, akaipangusa ngozi kwa matone machache ya mafuta ya mbarika, akaiweka juu ya meza. Kisha akaitwa kiwandani, ukanda wa mashine umekatika. Niliingia na uji, nikaikuta ngozi ile imekaa peke yake, kavu. Nilimhurumia mume wangu. Tena, niseme ukweli, nilitaka kusifiwa tena. Nilipasha samli, nikaipaka, nikaisugua kwa gumba, nikaisogeza karibu na moto ikanywa, nikaipaka tena. Nilipomaliza niliipangusa ikaonekana kavu, ila laini kama sikio. Kepher alirudi amechoka, akaifunga mahali pake bila kujua. Nilisubiri aigundue mwenyewe anisifu.

Alhamisi gari liliteremshwa kutoka kwenye magogo. Injini iliwaka mara ya pili tu ya hendeli, na watu wote wa laini walitoka kusikiliza. Kofia Mbili alisema wateremke mpaka mto Kipsonoi, kisha wapande tena, maana gari lisiloweza kupanda kutoka Kipsonoi halitapanda Londiani. Waliondoka saa tatu asubuhi.

Walirudi saa sita wakivutwa na ng'ombe wanne.

Kabla sijaona uso wa Kepher, harufu ilinifikia. Gari lile lilinukia kama jikoni kwangu siku ya mgeni. Mlimani ngozi ilipata joto, samli ikatoka kama jasho, na bakuli zikawa zinateleza tu, injini ikilia na magurudumu yamesimama.

Kofia Mbili hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Alishuka, akafuta vumbi kwenye boneti kwa mkono wake, akasema, "Basi. Hapana weza. Jumatatu ng'ombe navuta yeye mpaka Lumbwa, naingia treni. Wewe nabaki kwa shamba."

Mvua ya saa tisa ilitukuta garini, kila mtu kwenye kiti chake. Hakuna aliyefunga shali.

"Ni samli," nikasema. "Ni mimi."

"Najua ni samli. Nimekula kwako miaka saba."

"Umemwambia Bwana?"

"Nimemwambia fundi alizidisha mafuta."

Miaka tisa ya Jumamosi, na sasa Bwana angeondoka akimjua Kepher kuwa ni fundi aliyezidisha mafuta. Nililia. Nililia kwa hasira, na hasira ilikuwa yangu juu yangu. Kepher hakunigusa, wala hakunilaumu. Alisema ngozi mpya ingetoka Nairobi baada ya wiki tatu, na meli ilikuwa inaondoka Mombasa baada ya mbili. Alikuwa ameshaiosha ngozi kwa petroli, lakini samli iliyoingia ndani ilitoka tena kila ikipata joto. Alikuwa amejaribu na majivu, na majivu na samli vikishikana huwa sabuni, mambo yakaharibika zaidi.

"Voi itangoja," akasema.

"Mama hatangoja," nikasema. "Amezeeka. Akifa kabla hajaridhika, nani atatufungulia lango? Mtoto huyu atazaliwa kwenye laini kama Amolo."

Nilitia kipande cha odowa mdomoni ili ninyamaze. Unajua odowa ilivyo: ukiiweka kwenye ulimi hunyonya mate yote mpaka ulimi unashikwa, na kuutoa ni lazima uuvute. Ulimi wangu ulishikwa hivyo. Nikakaa nao hivyo kwa muda. Kisha nikakitoa kile kipande nikakitazama.

Nilishuka garini, nikaenda mezani kwenye klachi iliyofunguliwa, nikasugua ngozi kwa upande mkavu wa kile kipande. Odowa iliyokuwa nyeupe iligeuka rangi ya tumbaku. Nilinusa. Samli.

"Kepher," nikamwita. "Nenda kaazime kinu."

Niliitwanga odowa yangu yote, kifurushi cha mwezi mzima, isipokuwa vipande viwili. Niliichekecha kwa kitambaa changu cha kichwa mpaka ikawa unga usioshikika. Tuliisogeza ngozi kwenye moto mpaka samli ikachungulia, tukaizika ndani ya unga, tukangoja, tukaukwangua, tukaanza tena. Tulifanya hivyo Ijumaa yote na Jumamosi yote. Unga wa kwanza ulitoka kama ugali wa mtama, wa mwisho ulitoka mweupe kama ulivyoingia. Kepher alinitazama nikiwa nimejaa unga mpaka kope, akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo alilivunja nani?" nikasema.

"Mhunzi mwenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alicheka.

Alikwenda kwa Bwana jioni ile akaomba mara moja tena. Kofia Mbili aliinua kidole kimoja.

Jumapili asubuhi nilitembea mpaka juu ya mteremko wa Kipsonoi nikasimama kwenye ukungu. Sikuweza kuona barabara hata hatua kumi. Nilisikia sauti ikiwa bado chini sana, mtoni. Ilianza kupanda. Nilijua kitakachotokea ikiwa ngozi inateleza: sauti itapaa ghafla, nyembamba, kama mtu anayepiga kelele bila kwenda popote. Nilishika tumbo nikasikiliza. Sauti haikupaa. Ilikuwa nzito, ilishika, ilikuja. Ukungu mbele yangu uliwaka njano, gari likatoka ndani yake likanipita, na nilimwona Kofia Mbili hana kofia hata moja, ile ya pili imepeperushwa na upepo, nywele zake chache zimesimama, anacheka. Kando yake Kepher alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Hakucheka. Alikuwa anatazama mbele tu, kama anayeona miti ya miiba.

Waliondoka Jumatatu alfajiri. Nilimpa Kepher kopo la tumbaku lililojaa unga wa odowa, iwapo ngozi itatoa jasho tena, na vile vipande viwili vilivyobaki. Alikuwa na barua ya Bwana ya kumruhusu kuwa njiani. Sikumwambia kitu kuhusu Okoth. Nilikuwa nimeshasema yote kwa Mungu.

Mama mkwe alipanda kutoka Nyakach kungoja nasi. Alikaa mlangoni kwangu siku ishirini na sita. Saa tisa mvua ikianza alisogeza kigoda ndani hatua moja, mvua ikiisha alikirudisha. Hakuwahi kumtaja mtoto wake yeyote kati ya wale wawili walioondoka. Aliniita Nyar Kano, binti wa Kano, na alinifundisha kufinyanga chungu kidogo cha dawa. Mikono yetu ilikuwa kwenye udongo mmoja, na mimi nilikuwa namwombea mwanawe awe amekufa. Sikuweza kumtazama usoni.

Kepher alirudi Jumamosi, kwa miguu kutoka Lumbwa, vumbi jekundu limekaa kwenye mishono ya koti. Alikunywa maji. Alituambia gari lilipanda Londiani bila kusita, na Mombasa walilifunga kamba wakaliinua, likaning'inia angani juu ya maji, na Kofia Mbili alimshika mkono. Mama mkwe alimwacha amalize. Hakuwa na haja na gari.

"Ulifika pale?" akauliza.

"Nilifika, Mama."

"Ukamwita?"

"Bwana alisimamisha gari, akaenda kukaa kwa kivuli. Pale ni uwanja wa majani kando ya reli. Hakuna kaburi lenye jina hata moja. Nilisimama katikati nikaita, Okoth. Nikaita tena. Mara ya tatu niliita kwa nguvu yangu yote."

"Akaitika?"

Kepher angeweza kusema hapana. Nilikuwa nimekaa pale nimeshika tumbo, nikimwomba kwa macho aseme hapana, maana neno moja lingetosha na lango lingekuwa langu. Lakini Kepher alizungusha injini ya mtu mwingine miaka tisa bila kusimamiwa. Si mtu wa uongo.

"Mtu aliitika," akasema.

Mvua ilianza kugonga mabati. Mama mkwe hakusogeza kigoda.

"Nani?"

"Mfanyakazi wa reli. Anaitwa Okoth, mtu wa Alego. Alisikia jina lake akafikiri anaitwa na msimamizi. Si yeye, Mama. Ni kijana, hana kovu. Lakini wewe ulisema asipoitika. Na mimi siwezi kukuficha. Niliita, na mtu akaitika."

Mama mkwe aliitazama mvua. Niliona lango langu linakwenda mbali.

"Aliitika kwa lugha gani?" akauliza.

"Kwa Kijaluo, Mama. Alisema, 'Niko hapa.'"

"Kisha?"

"Alikuja mbio na nyundo mkononi. Nilipomwambia ninamtafuta nani, aliweka nyundo chini, akasimama na mimi. Tulizunguka uwanja wote. Alisema wako watu wetu wengi kwa hiyo stesheni, na jioni wanakaa hapo karibu, wanapika samaki kavu, wanaongea. Nilichimba kidogo nikaweka odowa ya mama Amolo, vile vipande viwili, ndio udongo ya kwetu pekee nilikuwa nayo."

Mama mkwe alisogeza kigoda ndani hatua moja.

"Miaka kumi na minane nimekuwa nafikiri mtoto wangu alilala mahali akiomba maji hakuna anayemwelewa. Hata akiwa amekufa, nilikuwa nafikiri ni vile vile, anaita na hakuna mtu. Sasa nimejua. Pale ukiita Okoth, mtu anakuja mbio."

Kisha alinigeukia. "Nyar Kano, kesho tunateremka. Kuna mti wa yago kando ya mto kwetu, umezaa vizuri."

Tuliteremka. Njiani, mbele ya Sondu, tulipopumzika kando ya mzigo wake wa vyungu, nilishindwa kubeba mzigo wangu mwingine. Nilimwambia, "Mama, nilikuwa naomba asiitike."

Alifunga kitambaa chake upya kichwani. "Najua," akasema. "Hata mimi, siku zingine."

Tulizika tunda la yago siku ya nne. Lilikuwa zito, lilihitaji wanaume wawili, na mama mkwe alililia kwa sauti ambayo alikuwa ameiweka tangu mwaka wa kumi na saba. Mimi pia nililia, na nililia kweli. Baada ya mavuno Kepher alitoka na shoka na jogoo, akafuata desturi yote, akafungua boma letu upande wa juu, ambako unaona vilima vya Kericho.

Mtoto alizaliwa Mei, alasiri, mvua ikimwagika, na hapakuwa na mjadala kuhusu jina. Mwaka huu amefika miaka minne, na ni mtoro. Saa tisa nikiona wingu linateremka kutoka mashamba ya majani chai, nasimama langoni kwangu na kumwita, "Okoth," na asipoitika mara ya kwanza naita kwa nguvu yangu yote, miguu yangu ikianza kukimbia, mpaka nisikie sauti yake kichakani ikisema, niko hapa.